Swala Waliosahau Kivuli

Uvumi ulianzia mashineni, kwenye foleni ya kusaga: swala wa ng'ambo ya mto wamesahau kivuli.

Aliyeuleta aliusema huku akicheka. Jua la saa saba liko utosini, alisema, kila mnyama mwenye akili zake kajibana chini ya mti, halafu swala wale wamesimama mbugani peupe, vichwa juu, macho yanachuruzika, kama wanafunzi walioambiwa wamsubiri mkuu wa wilaya. Unawasogelea, hawakimbii. Unamshika mmoja pembe, anakutazama tu.

Wenzake wakacheka. Veneranda Mgaya hakucheka. Alilikumbatia debe lake la mahindi, akauliza, "Wanakula?"

"Nani?"

"Hao swala. Wakisimama hivyo kutwa, wanakula saa ngapi?"

"Mnaona!" Edita, jirani yake, akapiga makofi. "Nilijua tu. Mama Wasiwasi kashapata wa kumlilia leo. Juzi aliwalilia mbuzi wa mwalimu. Dada, swala wana mama zao!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Veneranda naye akatabasamu, maana Edita alikuwa na ulimi wa namna hiyo tangu wakiwa darasa moja, na hakuna aliyeweza kumkasirikia mpaka jioni. Lakini uvumi ule ulimwingia ukakaa, kama mchanga kwenye jicho. Akifua, unamrudia. Akimsuka mwanawe Tulalumba, unamrudia. Mtoto akamwambia, "Mama, unanivuta," ndipo akagundua kwamba vidole vimesimama na nywele zimo ndani yake.

Watu wa kijiji cha Itumbilo walikuwa na sababu ya kuwaamini wanyama wao. Zamani kidogo, mwaka ambao hadi leo unaitwa Mwaka wa Mizoga, mafua ya ndege yaliingia mabwawani. Bata maji walianguka kutoka angani kama viatu vilivyorushwa. Kutoka kwa ndege, ugonjwa ukahamia kwa swala waliokunywa maji yale yale, na kutoka kwa swala ukahamia kwa watu waliowachuna. Hakuna ukoo ambao haukuzika.

Ndipo ukaja Mradi wa Manyoya Safi. Wataalamu wake walitengeneza utitiri maabara, mdogo kama huu wa kuku tunaoujua, ila kazi yake nyingine. Unaishi kwenye shina la unyoya. Unanyonya damu kidogo tu, na kila unaponyonya unaacha tone la dawa. Ndege mwenye utitiri huo hashikwi na mafua. Droni zilipita asubuhi zikimwaga manyoya meupe juu ya mabwawa na vichaka, kila unyoya umebeba mzigo wake, na watoto wakazikimbiza wakipiga kelele, "Wauguzi! Tumwagieni wauguzi na huku!" Jina likashika. Hata wazee wakauita utitiri ule wauguzi.

Tangu hapo ndege wa porini akahesabiwa msafi kuliko kuku wa nyumbani. Ruhusa ya kutega kanga, wale ndege wa madoadoa, ikatolewa kwa kila kaya. Na juu ya kila mlango wa jiko pakachomekwa fungu la manyoya yake, yale marefu, ya kusafishia masikio. Zamani walitumia ya kuku. Sasa mama aliyeonekana anamsafisha mtoto kwa unyoya wa kuku aliulizwa, "Kwako hata kanga hawapiti?"

*

Veneranda alivumilia, akashindwa. Siku moja Tulalumba akiwa shule, alimwambia Edita waende kutafuta kuni ng'ambo.

"Kuni," Edita akasema, akimfunga mwanawe Gaitani mgongoni. "Haya. Twende tukaokote kuni zenye pembe."

Hawakutembea sana. Mto ulikuwa umekauka, wakavuka kwa miguu, na walipopanda ukingo tu wakamwona. Dume, peke yake, kwenye uwanja ulioungua nyasi. Miti ilikuwa pale pale, kivuli kimejaa. Yeye alisimama nje yake, ameliinulia jua uso.

"Shikamoo," Edita akamsalimia swala. Hakusogea. Edita akacheka, akamzunguka. "Huyu hahitaji hata kisu. Unamwambia tu, baba, twende nyumbani, chungu kiko motoni. Kitoweo gani hiki kina adabu hivi!"

Veneranda alinyoosha mkono karibu na shingo ya mnyama, bila kumgusa. Joto lilimfikia kabla hajaifikia ngozi, kama la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Mgongoni mwa swala walitua ndege wadogo, wale wanaodonoa kupe, nao walikuwa wamekaa tu, midomo wazi, wakihema.

"Edita. Tazama paja."

Kwenye paja la nyuma palikuwa na jeraha la ukubwa wa kiganja, limejaa funza. Walikuwa wanatembea, wanaingia, wanatoka. Swala hakupiga mkia. Hakugeuza kichwa. Jeraha kama lile lingemfanya ng'ombe avunje zizi.

Kicheko cha Edita kikakatika. Alirudi nyuma, akasogeza mkono mgongoni kumshika mwanawe vizuri.

"Halimuumi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hasikii chochote."

Walirudi bila kuni. Njiani Edita alisema labda amelogwa, kisha akasema labda amezeeka. Veneranda aliazimia kwamba nyumbani kwake nyama ya swala haitaingia tena. Alikuwa sahihi, ila hofu yake aliiweka kwenye chungu. Juu ya mlango wa jiko hakutazama.

*

Tulalumba alipata homa wiki ile ile. Alirudi kutoka shule anaburuta mkoba, akalala bila kula, na asubuhi alikuwa anatetemeka. Zahanati wakampima, wakasema malaria, wakampa dawa. Ni jambo la kila nyumba. Baba yake, Festo, alipigiwa simu kule Makambako kwenye kazi, naye akasema, "Mpe dawa kwa wakati, atainuka tu."

Mchana sikio likaanza. Mtoto alilishika kwa mikono yote miwili akilia, "Mama, kuna mtu anagonga humu ndani." Mwili ulikuwa moto kiasi kwamba kitambaa kibichi kilikauka kabla hakijageuzwa.

Basi Veneranda alifanya alichofanyiwa na mama yake, na mama yake alichofanyiwa na bibi yake. Alichagua unyoya mrefu, akapasha mafuta kwenye kijiko, akaulowanisha, akamlaza mtoto ubavu mapajani. Akauzungusha taratibu, akipuliza. Akatoa nta, akaupangusa kwenye kitenge, akaurudisha.

Tulalumba alinyamaza katikati ya kilio. Kama redio iliyozimwa.

"Limepoa?"

"Limepoa."

"Kabisa?"

"Haligongi tena."

Veneranda alimshukuru Mungu kwa sauti. Ninyi mnaosoma haya mkiwa mmemlaza wenu kando, mngefanya vile vile, na mngeshukuru vile vile.

Dawa za malaria ziliisha. Zahanati wakampima tena, damu safi. Lakini joto halikushuka. Mtoto hakulalamika, hakuomba maji, hakuuliza baba atarudi lini. Alikula akilishwa. Siku moja Veneranda alitoka kisimani akakuta mkeka ukumbini hauna mtu. Tulalumba alikuwa ameketi katikati ya uwanja, jua la saa saba, ameinua uso, macho yanachuruzika.

Alimbeba akamrudisha kivulini. Alipokwenda kuweka ndoo chini na kurudi, alikuwa juani tena. Akambeba tena. Mara ya tatu alimkuta jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga, ameshika kaa la moto kiganjani kama anayeshika yai. Nyama ilikuwa inanuka.

"Tula! Achia! Achia mwanangu!"

Mtoto alimtazama kwa upole. "Kuna baridi, mama," akasema.

*

Watu wa mradi walikuwa wamepiga kambi kwenye ghala la mpunga, wakiwachunguza swala. Mkuu wao, Daktari Chaurembo, aliitwa, akaja mwenyewe na mkoba wake. Alikuwa kijana mwenye sauti ya mtu wa pwani, mpole, na kwanza alizungumza kama wanavyozungumza wote: mama usihofu, mama tulia. Kisha akatia kimrija chenye taa kwenye sikio la Tulalumba, akatazama kioo chake, akaacha kuzungumza.

Alimgeuzia Veneranda kile kioo. Ndani ya sikio, ukutani, palikuwa kama pameng'ang'aniwa na unga wa pilipili. Ule unga ulikuwa unapumua.

"Ulimtia nini humu?"

"Unyoya. Wa kanga."

"Unyoya," akarudia. Aliketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake safi. "Mimi nimekulia mjini, mama. Sisi tunatumia vijiti vya pamba. Hakuna aliyewaza unyoya."

Ndipo akamweleza, na Veneranda akaelewa kila neno, maana hofu ilikuwa imemfungua masikio. Wauguzi walitengenezwa kwa joto la ndege. Mwili wa mtu kwao ni baridi. Utitiri ukianguka kwenye ngozi ya mtu unasinzia, unakufa. Wataalamu walijaribu kwenye mikono yao wenyewe kabla ya kumwaga unyoya hata mmoja. "Lakini tulikuwa wazima," Chaurembo akasema. "Mtoto mwenye homa ya nyuzi arobaini na zaidi, kwao ni ndege."

"Na swala?"

"Swala akikimbia juani anawaka vile vile. Wale ndege wanaodonoa kupe ndio waliouhamisha. Na ule utitiri, mama, ukishakaa ndani ya mwili usio wa ndege, umejifunza kuzuia joto lisishuke. Ndiyo maana swala hawaendi kivulini. Si wao wasiotaka."

"Na maumivu?"

"Tuliupa tone la ganzi, ili ndege asijikune akauangusha." Alitazama kiganja cha Tulalumba kilichofungwa kitambaa. "Lilikuwa tone dogo sana. Kwa ndege."

"Utoeni."

"Tukimpoza kwa nguvu, unakimbilia ndani, kwenye ubongo. Tumejaribu kwa swala, kwa maji ya barafu. Wamekufa wote. Unatoka kwa njia moja tu: mwenyeji wake akianza kupoa na mwingine mwenye joto akiwa karibu. Hapo unahama wenyewe."

Veneranda alikuwa amekwisha kusimama. "Kuku ana joto."

Walileta kuku. Chaurembo alimlaza tetea ubavuni mwa kichwa cha mtoto, wakampaka Tulalumba maji ya vuguvugu. Kwenye kioo waliona ule wekundu ukisogea hadi mdomoni mwa sikio, ukasimama pale, ukatikisika, ukarudi ndani.

"Huu umezaliwa humu," Chaurembo akasema. "Unamtaka mtu. Mtu mwenye homa."

"Nipe mimi homa."

"Malaria inachukua wiki mbili kukolea, mama. Huyu hana wiki mbili."

Akamwambia kuna gari maalumu la kumchukua mtoto limeagizwa kutoka mjini. Akamwambia pia kwamba kuanzia leo kila mwenye homa kijijini atahamishiwa majengo ya shule, mbali na hapa, na watu wataambiwa ni malaria sugu. "Na wewe sema hivyo hivyo. Nakuomba. Wakijua, watachoma vichaka, wataua kila ndege. Ndege wenye wauguzi wakiisha, mafua yanarudi. Wewe ulikuwepo Mwaka wa Mizoga."

Alikuwepo. Alikuwa ndiye aliyeshika taa walipomzika mama yake.

Akakubali kusema malaria.

*

Vijana wa mradi walipita nyumba kwa nyumba na vile vidude vyao vya kupima joto, wanamwelekezea mtu paji la uso kama wanaompiga risasi. Wenye homa wakapakiwa kwenye gari kwenda shuleni. Watu waliogopa shule ile. Walisema anayekwenda huko harudi, walisema wanatolewa damu. Kwa kuwa hawakuambiwa ukweli, walijitengenezea.

Mchana mmoja Edita aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Gaitani alikuwa kifuani, amefunikwa gubigubi.

"Dada, nifichie."

"Edita..."

"Kashikwa na homa usiku. Wako kwa Mama Orestina sasa hivi, wakitoka hapo ni mimi. Kwako wameshapita, hawarudi. Nusu saa tu. Nikiwa nyumbani mikono mitupu watanipita."

"Edita, Tula anaumwa."

"Si malaria? Na huyu malaria. Waumwe pamoja, wasemezane." Akajaribu kucheka. "Wewe ndiye mwoga kuliko wote kijiji hiki. Nani mwingine nimpe mtoto?"

Akamtia mikononi mwake, akatoka mbio.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Veneranda. Lilikuwa limeshaundwa, limeshafika kwenye meno. Mtoto aliyekuwa kifuani mwake aliwaka kama mkate, na neno halikutoka.

Chumbani, Tulalumba alikuwa amelala akiutazama ukuta, pale jua la dirishani lilipokuwa linaanguka. Siku zile alikuwa hasemi tena. Sasa aligeuka, pole pole, kichwa kwanza.

"Mama," akasema. "Gaitani ana joto zuri. Mlaze hapa."

Haikuwa sauti ya kulazimisha. Ilikuwa sauti ya mtoto anayeomba mwenzake wa kucheza naye. Veneranda alijua nani anasema. Alijua, na akapiga magoti, akamlaza mtoto wa Edita kwenye ukingo wa mkeka. Kisha akachukua kitambaa, akakichovya kwenye maji ya mtungi, akamwekea mwanawe utosini.

Alijiambia anampoza tu. Mama gani hampozi mtoto mwenye homa?

Haikuchukua muda. Kwanza lilitokea doa jekundu chini ya sikio la Tulalumba, kama kidole kilichogusa pilipili. Likarefuka. Likashuka shingoni, jembamba kama uzi, likagusa mkeka. Gaitani alikuwa ananyonya ngumi yake, anatazama dari.

Tulalumba akakunja uso.

"Mama," akasema, na safari hii ilikuwa sauti yake, ile ya kukwaruza, yenye deko. "Mama, sikio linauma."

Veneranda akaziba mdomo kwa mkono.

"Mama, na mkono. Mkono wangu umefanyaje? Mama unauma! Mama!"

Alikuwa analia. Machozi ya kweli, makamasi ya kweli, miguu inapiga mkeka. Alikuwa amerudi. Alikuwa pale, mzima, anaumwa, anamwita, na ule uzi mwekundu ulikuwa umeshavuka nusu ya nafasi kati yake na ngumi ya Gaitani. Ulikuwa ungali unatoka. Bado kidogo tu. Veneranda angegeuka tu aangalie dirisha. Angekwenda tu kuchota maji mengine.

Gaitani akapiga chafya. Akaitoa ngumi mdomoni, akaitazama, akamtazama Veneranda, akacheka kwa ufizi, vile watoto wanavyocheka wakidhani chafya ni mchezo uliochezwa na mtu mzima.

Alimnyakua. Hakumbuki alisimamaje. Alimnyakua akatoka naye mlango wa mbele, uwanjani, barabarani, anakimbia na kilio cha Tulalumba mgongoni: "Mama linauma, mama usiende, mama!" Kikapungua. Kikawa kama cha nyumba ya mbali. Kabla hajafika kwa Edita, kikaisha, na alijua kwa nini kimeisha, na hakusimama.

Vijana wa mradi walikuwa wanatoka kwa Edita. Edita alikuwa mlangoni, mikono mitupu, anawatabasamia. Alipomwona Veneranda, tabasamu lilianguka.

"Mwanao ana homa," Veneranda akasema mbele ya wote. "Waache wampeleke. Si malaria tu inayotembea hapa. Ni wauguzi, wamo masikioni mwa Tula, wanahama kwa mwenye joto. Usimlete kwangu tena. Hata nikikuita, Edita. Hata nikikulilia, usimlete."

Edita alimchukua mtoto. Alimgeuza sikio moja, akachungulia, akamgeuza la pili. Akamvua nguo zote pale pale, akazitupa chini, akampapasa kwapa, mapaja, nyuma ya magoti.

"Ulimlaza naye?" akauliza bila kuinua macho.

"Nilimlaza naye."

"Ukijua?"

"Nikijua."

Edita alimfunika mwanawe kwa mikono yake mwenyewe.

"Ondoka mlangoni kwangu," akasema.

*

Gaitani hakukutwa na kitu. Alitibiwa malaria shuleni, akapona.

Gari la mjini halikuwahi. Siku ya mwisho Veneranda aliacha kumkataza Tulalumba jua. Alimbeba akaketi naye katikati ya uwanja, akamwegemeza kifuani, akamwacha ainue uso kama alivyotaka. Festo alikuwa amefika. Alisimama kivulini na kofia mkononi, hajui aende wapi. Jua lilipoanza kuteremka, mtoto alihema mara moja kwa nguvu, kama anayeshushwa mzigo. Wakamsubiri apoe. Hilo Chaurembo alilisimamia mwenyewe, na kimrija chake, mpaka akahakikisha kwamba kilichokuwa ndani kimekufa naye.

Kwenye mazishi waombolezaji walipimwa joto njiani, mmoja mmoja, na wengine wakarudishwa. Chaurembo alimsogelea Veneranda kabla jeneza halijafikishwa. "Mama," akasema, "katika wasifu, malaria sugu. Nakuomba kwa ajili ya watu wote hawa."

Katekista alimaliza sala, akauliza nani atasoma wasifu wa marehemu. Shemeji yake alikuwa na karatasi iliyoandikwa. Veneranda alimpita, akasimama kando ya kaburi bila karatasi. Edita alikuwa kule nyuma kabisa, upande wa pili wa ua, peke yake.

"Wasifu wake ni mfupi," Veneranda akasema. "Alizaliwa hapa, aliitwa Tulalumba, alikuwa na deko, alipenda ukoko wa wali. Amekufa kwa wauguzi, kwa unyoya niliomtia mimi. Daktari anaogopa mtawachoma ndege. Mimi naogopa mtakwenda nyumbani mkafanye nilichofanya. Kwa hiyo nisikilizeni, mkawaambie na wale waliorudishwa njiani."

Na haya ndiyo aliyoyasema, mojamoja, kama anayemtuma mtoto dukani:

Usimsafishe mtu sikio kwa unyoya. Wa kanga, wa kuku, wa ndege yeyote.

Usiweke manyoya ndani ya nyumba. Yafukie, usiyatupe.

Usimguse swala asiyekimbia. Usimchune, usimle, usimfukuze kwa mkono.

Usichome vichaka wala usiue ndege. Wakihama, wanahama na wauguzi.

Usilaze watoto wawili wenye homa mkeka mmoja.

Usimmwagie maji ya baridi mtoto mwenye homa anayependa jua. Mwite daktari kwanza.

Usishukuru mtoto mwenye homa akinyamaza ghafla. Akilia, mwache alie.

Usimfiche mwenye homa.

Usimwachie mtu mtoto wako mwenye homa wakati mtoto wa mtu huyo naye anaumwa. Hata jirani, hata mliyesoma naye.

Hata mimi.